Somo: Kutoa picha kwa jua na maji ya majani

Wapendwa, somo la leo ni jepesi kwa vifaa, zito kwa subira. Tutatoa picha bila kamera na bila wino. Majani yatatoa rangi, jua litachora, sisi tutaandaa na kungoja. Kitaalamu picha za aina hii huitwa anthotaipu.

Nimeichagua makusudi. Kuchora mti ni kuuiga, na kubandika majani makavu kwenye kadi ni kuyatumia. Vyote hivyo nami navifanya, sivikebehi. Lakini wengi mlitaka tuzungumzie kushirikiana na maumbile, na mshirika ni yule anayeweza kukukatalia. Hapa jua linaweza kukukatalia, wingu linaweza, hata jani lenyewe linaweza. Ukishaandaa karatasi yako huna tena usemi mkubwa.

Inavyofanya kazi

Rangi ya mmea haivumilii mwanga. Mnajua pazia linavyopauka upande wa dirishani. Ni hivyo hivyo, ila sisi tunapausha kwa kusudi. Karatasi iliyopakwa maji ya majani ikianikwa, miale ya jua, ikiwemo ile ya urujuanimno isiyoonekana kwa macho, huvunja klorofili na rangi nyingine za mmea. Palipo wazi hupauka, palipofunikwa hubaki na rangi. Kwa hiyo kivuli cha kitu ndicho kinachogeuka picha.

Si mambo mapya haya. Mtaalamu wa nyota wa Uingereza, John Herschel, alichapisha majaribio yake ya rangi za mimea mwaka 1842. Miaka mitatu baadaye mwanasayansi Mary Somerville alimwandikia barua kutoka Roma kumweleza aliyoyaona yeye. Kilichomsumbua Herschel ndicho kitakachotusumbua sisi: picha hukawia kutokea, na ikishatokea haina dawa ya kuifanya idumu.

Hatua ya 1: Chagua mmea

Kwa kijani tumia spinachi, kwa wekundu wa zambarau bitiruti, kwa njano unga wa manjano. Anayeanza nampeleka kwenye manjano moja kwa moja, maana kwenye jua kali utaona tofauti ndani ya saa chache, wakati spinachi itakuweka siku kadhaa, pengine wiki. Petali za maua mekundu nazo hufaa, lakini kila ua lina tabia yake. Pakaa kwenye kipande kidogo cha karatasi, funika nusu, anika, uone kama linajibu.

Tahadhari moja tu, ila ishikeni: mmea unaotoa utomvu mweupe kama maziwa uacheni kabisa. Mingi ya aina hiyo huunguza ngozi, na ukiingia jichoni utajuta.

Hatua ya 2: Toa rangi

Twanga konzi mbili za majani kwenye kinu hadi yawe uji mzito. Ongeza kijiko kimoja cha maji, kisha kamua kwa kitambaa safi. Ukizidisha maji utapata chai, si rangi.

Manjano yana utaratibu wake kwa sababu rangi yake haiyeyuki vizuri kwenye maji. Koroga kijiko cha unga na vijiko vinne vya spiriti, acha itulie mpaka unga uzame, halafu tumia ile iliyoelea juu. Spiriti hushika moto haraka, kwa hiyo jiko lisiwe karibu na madirisha yawe wazi.

Hatua ya 3: Paka karatasi

Karatasi iwe nzito, ile ya rangi za maji. Nyepesi hujikunja na kulowa kama mkate kwenye chai. Paka kwa brashi pana, acha ikauke, paka tena. Mara mbili au tatu zinatosha. Ikaukie ndani, mbali na dirisha, la sivyo itaanza kupauka kabla hujaitumia.

Hatua ya 4: Panga

Hapa ndipo wengi tunapoharibu, nami nikiwa wa kwanza. Mara ya kwanza niliweka kangaga bichi, limetoka kuchumwa. Kufika jioni kioo kilikuwa kimetokwa jasho kwa ndani, na unyevu wa lile jani ukawa umevujisha rangi pande zote. Nilipofungua nikakuta picha ya kangaga linalozama. Tangu siku hiyo kila jani nalilaza kwanza ndani ya kitabu kikubwa, na vitabu vingine juu yake, siku mbili tatu hadi likauke na kuwa bapa.

Ubapa una faida nyingine. Jani likigusa karatasi kila mahali, kingo hutoka kali. Likiinuka hata kidogo, mwanga hupenya kando na ukingo ukawa moshi. Wakati mwingine moshi huo ndio unaoutaka, lakini uwe umeutaka.

Angalia pia unene. Jani nene litakupa kivuli tu, umbo limejaa rangi. Jani jembamba hupitisha mwanga kidogo kwenye nyama yake, lakini si kwenye mishipa. Ukilianika muda wa kutosha nyama hufifia na mishipa hubaki, mmoja mmoja, mpaka ile midogo ya pembeni ambayo kwa macho hukuiona. Siwezi kuchora kitu kama hicho kwa mkono hata nikipewa mwezi mzima.

Ukisharidhika, weka kioo juu, ubao chini, bana kwa vibanio. Fremu ya picha ya kawaida inatosha. Epuka vile vioo vya fremu vilivyotengenezwa kuzuia miale ya urujuanimno: vinailinda karatasi dhidi ya kazi ile ile unayoitaka ifanyike.

Hatua ya 5: Anika

Ielekeze jua la mchana lisilozuiwa na kitu. Jioni iingize ndani, maana umande hauna huruma. Andika nyuma ya karatasi aina ya mmea na siku uliyoanza, kwa penseli. Ukitaka kuchungulia, legeza vibanio vya upande mmoja tu na uinue ukingo wa jani kidogo. Ukiondoa vyote hutarudisha jani mahali pake, na utapata picha mbili zinazopandiana.

Hatua ya 6: Fungua

Ifungue ndani, kwenye kivuli. Usiioshe kwa maji, rangi itaondoka nayo. Picha ya manjano ukiipitishia brashi yenye maji ya magadi hafifu hugeuka nyekundu ya udongo. Jaribu pembeni kwanza.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Yangu ni ya spinachi, leo siku ya nne, kijani bado kile kile. Nimekosea wapi?

Marahaba. Huenda hujakosea, una haraka tu. Spinachi kwa siku nne, hasa kama kulikuwa na mawingu, ni mapema. Lakini nikumbushe ulipaka mara ngapi? Rangi ikiwa nene sana, jua hulazimika kuila tabaka kwa tabaka. Iache wiki nyingine. Na kama unaianika ndani nyuma ya dirisha, itoe nje.

Swali: Nina picha ya marehemu bibi niliyoipiga kwa simu. Naweza kuitoa kwa njia hii badala ya jani?

Unaweza, dada, na matokeo yake hugusa. Ichapishe kwenye karatasi ya plastiki inayoonyesha, iwe nyeusi na nyeupe, na uiongezee weusi kadiri mashine inavyoweza. Watu waliozoea njia nyingine za kusafisha picha hukosea hapa kwa kutengeneza nakala iliyogeuzwa, penye weupe pakawa peusi. Sisi hatugeuzi. Kwetu penye giza rangi hubaki, kwa hiyo picha iwe ya kawaida kama unavyoiona. Tumia manjano, na chagua picha yenye uso mkubwa. Vitu vidogo vidogo hupotea.

Swali: Nifanyeje isififie? Nataka kuining'iniza sebuleni.

Hakuna namna, ndugu yangu. Mwanga ulioitengeneza utaendelea kuitengeneza hadi karatasi iwe nyeupe. Zangu ziko ndani ya bahasha nyeusi kwenye droo, nazitoa mgeni akija. Piga picha nzuri ya hiyo kazi au iskani siku ile ile unayoifungua, uning'inize nakala.

Kama lazima iwe asili yenyewe ukutani, jifunze sayanotaipu. Hiyo pia ni ya Herschel, mwaka ule ule wa 1842. Hutumia chumvi za chuma, huoshwa kwa maji, na buluu yake hudumu. Anna Atkins, mtaalamu wa mimea wa Uingereza, alianza mwaka 1843 kutoa kitabu cha picha za mwani kwa njia hiyo, na nakala zake zipo hadi leo na buluu yake. Ila hapo rangi inatoka kwenye chupa, mmea umeleta kivuli tu.

Swali: Samahani kama nitaudhi. Kama rangi ni ya jani na kazi ni ya jua, msanii hapa kafanya nini? Si ni jaribio la sayansi tu?

Hujaudhi, nilikuwa nalingoja.

Mwaka 1978, huko Wales, mchongaji David Nash alichonga pande kubwa la mwaloni likawa kama jiwe la mviringo. Alitaka kijito kilisaidie kulishusha bondeni hadi karakana yake. Likakwama njiani. Angeweza kutafuta watu walitoe, kazi iishe. Akaamua liachwe pale liwe la kijito, naye akawa analifuatilia kwa picha na michoro, mwaka baada ya mwaka: mafuriko yalisukuma, ukame ukalilaza, hadi likafika kwenye mlango wa mto karibu na bahari. Sasa niambie, kazi ya Nash ilikuwa kuchonga tu? Kwangu uamuzi wa kutolitoa ulikuwa mkubwa kuliko mapigo yote ya patasi.

Nami nina kangu kadogo. Kwenye picha moja ya bitiruti sisimizi aliingia chini ya kioo akafia pembeni ya karatasi. Nilimwona siku ya pili. Ningeweza kufungua na kumfuta. Nikamwacha, na sasa yupo pale, tumbo, kiuno chembamba, miguu sita, zambarau juu ya weupe. Jani nililipanga mimi. Yeye alijipanga. Kila anayeshika ile karatasi anamtazama yeye kwanza, na jani langu baadaye. Wewe unayeuliza kama ni sanaa, ungemfuta?

Swali: Watoto wa miaka mitano wanaweza?

Wanaweza, kwa spinachi au bitiruti. Spiriti na kioo viwe mikononi mwako. Wape kazi ya kutwanga. Watarukiwa na rangi, wavae nguo za kuchezea.

Swali: Maji ya majani yaliyobaki naweza kuyatunza?

Kwenye friji siku moja au mbili, baada ya hapo yananuka. Mimi huyamimina kwenye trei ya barafu na kuyagandisha, kisha natoa kipande kimoja kimoja. Andika juu ya trei ni nini. Nyumbani kwetu kuna mtu alishawahi kutia barafu ya bitiruti kwenye glasi ya mgeni.