Kupima aina za mikoko Lamu: usihesabu majina tu

Watu wengi ukiwauliza huku kwetu kuna aina ngapi za mikoko wanakutajia majina, mkoko, mchu, muia, mkandaa, mlilana, mkomafi, basi wameridhika. Majina peke yake yanadanganya sana jamani, lazima ujue kila aina iko kiasi gani.

Angalia maji kwanza. Siku za bamvua, yaani mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yanakupwa kabisa kama saa nne asubuhi, kwa hivyo toka saa mbili, maana maji yakianza kujaa ukiwa bado ndani utaharakisha na hesabu itaharibika.

Vuta kamba kutoka baharini hadi nchi kavu, usifuate njia rahisi ya wakata kuni, kwa sababu mikoko imejipanga kwa mistari: mlilana mara nyingi ndo uko mbele kabisa, nyuma yake mkoko wenyewe, afu muia na mkandaa, na mchu utaupata sana huko juu penye chumvi, sasa ukipima mahali pamoja umepima mstari mmoja tu, sio msitu. Kila mita 50 za kamba weka ploti ya mita 10 kwa 10.

Ndani hesabu kila mti. Mkoko ndo unasumbua, mizizi yake inashuka kama minyiri ya pweza mpaka unaona miti mitatu kumbe ni mmoja, we anza juu kwenye shina ushuke nalo. Ukishuku mchu geuza jani, chini ni jeupe jeupe, ukililamba lina chumvi. Miche iandike ukurasa wake.

Haya, tuseme ploti mbili, kila moja miti 40 na aina nne. Ya kwanza mkoko 12, mkandaa 10, muia 9, mchu 9. Ya pili mkoko 34, hizo zingine mbili mbili. Kwa majina zinalingana, lakini ukisimama ndani ya ile ya pili unaona mkoko tu! Hapo tumia kipimo cha Simpson, mtaalamu wa takwimu, alikitoa 1949: gawanya idadi ya kila aina kwa 40, jibu lizidishe kwa lenyewe, jumlisha yote, toa kwenye 1. Ploti ya kwanza inakupa 0.75 hivi, ya pili 0.27. Ikikaribia sifuri ujue aina moja imezimeza zingine. Kalkuleta ya simu inatosha kabisa.

Na visiki tafadhali viandike, aina na unene, kama mti ulikuwa wa fito (mwembamba) au pau au boriti (mnene) za kujengea, mimi naona hapa ndo watu wanakosea zaidi, kwa sababu ile 0.27 haikwambii kama mkoko ulikuwa peke yake tangu zamani au mkandaa umekatwa ukaisha, kisiki ndo kinakwambia.