Kontro chati ya uzito wa pakiti, hatua kwa hatua

Kuna dada mmoja wa QC (ukaguzi wa ubora) hapo Industrial Area, wanapaki unga wa mahindi wa kilo 2, alinitumia kontro chati yake (grafu ya wastani wa pakiti chache kila baada ya muda, yenye laini ya katikati na mipaka juu na chini, nukta ikitoka nje ujue kuna shida) kwa WhatsApp akiuliza mbona haina shida hata moja na bado maduka yanarudisha pakiti nyepesi. Tukaipitia yote mwanzo mpaka mwisho, sasa naiweka hapa ndio nikiulizwa tena nitume link tu.

Hatua 1: mizani

Iwe imekaguliwa na watu wa vipimo, isome gramu moja moja, na utoe uzito wa pakiti tupu. Tuendelee.

Hatua 2: kupanga vikundi vya sampuli

Hapa usikimbie, ndio penye shida yote. Vitabu vinakwambia chukua pakiti nne au tano kila baada ya muda, piga wastani, chora. Sawa, lakini pakiti gani?

Mashine yao iko na midomo minne ya kumwaga unga. Huyu dada alikuwa anachukua pakiti moja kwa kila mdomo, hizo nne ndio kikundi chake, na ukiangalia haraka unaona ni haki kabisa, kila mdomo umewakilishwa. Tukatenganisha namba zake kwa mdomo na haya ndio tuliona: mdomo A unamwaga karibu gramu 1996, B 2004, C 2008, D 2016. Wastani wa hiyo minne ni 2006, safi sana kwa karatasi. Lakini reinji, yaani kubwa toa ndogo, inakuwa kama 20 kila mara, na mipaka ya chati inatokana na hiyo reinji. Kwa vikundi vya nne unazidisha 0.729 (namba ya kutoka kwa jedwali la kontro chati, hubadilika na ukubwa wa kikundi) mara 20, unapata karibu 14.6 juu na chini. Nukta zake zenyewe zilikuwa hazitoki hata gramu 4 kutoka katikati. Kwa hivyo chati imelala kabisa, supavaiza anafurahi, kumbe A anawapunja wateja na D anagawa unga wa bure mchana kutwa.

Ukiona nukta zote zimeng'ang'ania laini ya katikati na mipaka iko mbali huko, usifurahie. Mara nyingi ni kwamba umechanganya vitu tofauti ndani ya kikundi kimoja. Ndani ya kikundi kuwe na ule mtikisiko mdogo wa kawaida tu, zile tofauti unazotaka kuzinasa ziangukie kati ya kikundi na kikundi.

Kwa hivyo: pakiti 5 zinazofuatana, mdomo mmoja, kila nusu saa, na kila mdomo na chati yake. Najua utasema chati nne ni kazi nyingi, basi anza na mdomo unaoshuku. Usiokote pakiti kutoka kwa paleti mwisho wa shifti, maana hapo mpangilio wa muda umeshapotea na chati bila muda haina maana. Usiruke zile pakiti za kwanza baada ya stima kurudi, zipime na uandike kando "stima ilipotea". Kikundi kisivuke shifti mbili. Na mtu wa mashine asikuchagulie pakiti, hata kama ni rafiki yako, hasa kama ni rafiki yako. Kama unapima kitu kinachokupa namba moja tu kwa bechi, kama unyevu wa unga, hii ya vikundi haikufai: chukua tofauti kati ya kila namba na iliyotangulia bila kujali alama ya kutoa, tafuta wastani wake, zidisha kwa 2.66, hiyo ndio mipaka juu na chini ya wastani.

Hatua 3: kusanya

Vikundi 20 hadi 25. Mashine iendeshwe vile huendeshwa siku zote.

Hatua 4: hesabu

Kikundi kimoja cha mdomo B: 2003, 2006, 2001, 2004, 2006. Wastani 2004, reinji 5. Fanya hivyo kwa vyote, halafu tafuta wastani wa wastani na wastani wa reinji. Tuseme umepata 2004 na 6. Kwa vikundi vya tano:

mipaka ya wastani: 2004 ± 0.577 × 6, yaani 2000.5 na 2007.5
mpaka wa juu wa reinji: 2.114 × 6, karibu 12.7, na wa chini ni 0

Tafadhali usimwage namba zote kwa Excel ukapiga STDEV (fomula ya mtawanyiko wa namba zote pamoja) halafu ukazidisha na 3. Hiyo inameza na yale mabadiliko ya kati ya vikundi, mipaka inapanuka, na mashine ikianza kuhama hutajua. Shewhart, mwanzilishi wa chati hizi, alipochora ya kwanza pale Western Electric, kampuni ya Bell, mwaka 1924 alikuwa anatafuta njia ya kutenganisha mtikisiko wa kawaida na shida yenye sababu yake, sasa ukivichanganya tena kwa fomula moja umerudi nyuma.

Hatua 5: chora

Chati ya wastani na ya reinji, kwa karatasi ya graph na kalamu, zibandikwe kando ya mashine. Mimi siamini chati iliyofichwa kwa laptop ya ofisi, mtu wa mashine ndiye anafaa kuiona kwanza. Google Sheets ni ya kuweka rekodi baadaye, na hizo softwea za kulipia achana nazo mpaka uzoee.

Na usichore laini ya 2000 ya kwenye lebo juu ya chati ya wastani. Hizo nukta ni wastani wa pakiti tano, pakiti moja moja hutawanyika zaidi. Kwa namba zetu, 6 gawa kwa 2.326 (namba nyingine ya jedwali, inageuza reinji kuwa mtawanyiko wa pakiti moja moja) ni kama 2.58, mara tatu ni 7.7, kwa hivyo hata chati ikiwa sawa kabisa kuna pakiti itafika 1996. Hiyo ya lebo ni hesabu nyingine, ifanye kando.

Hatua 6: kusoma

Anza na chati ya reinji, kama hiyo imeharibika mipaka ya wastani haina kazi. Halafu natumia sheria mbili tu: nukta nje ya mpaka, au nukta 8 mfululizo upande mmoja wa katikati. Ziko nyingine nyingi lakini kila unayoongeza inaleta kengele za uongo.

Nukta ikiwa ndani, usiguse mashine. Yule anayezungusha skrubu kila pakiti ikipungua gramu mbili ni kama dereva anayeyumbisha usukani kwa kila kokoto, mtikisiko unazidi. Ikitoka nje, rudia kupima mizani kwanza, halafu uliza kama unga wa gunia jipya umeingia, maana mashine inayosukuma unga kwa parafujo inapima ujazo, si uzito, na unga mwepesi zaidi unashusha gramu bila mtu kugusa chochote. Ukirekebisha kitu kikubwa, kama kubadilisha parafujo yenyewe, kusanya vikundi vipya na upige mipaka upya. Bila sababu kama hiyo, mipaka ya zamani inabaki.