Somo: Kupanda Ziwa Ngosi jioni na kundi, na kutoka msituni salama

Kila kiangazi naulizwa maswali yale yale kuhusu safari ya jioni ya Ngosi, ziwa lililo ndani ya shimo la volkano katika milima ya Poroto, mkoani Mbeya, kwa hiyo nimeyaandika yote hapa, na atakayeuliza tena nitamwelekeza kwenye somo hili.

1. Nendeni kati ya Juni na Oktoba. Wakati wa mvua udongo wa milima ya Poroto huteleza mno.

2. Kibali cha kuingia msituni na mwenyeji wa kuwaongoza vipatikane mapema, na wahusika wajue kwamba mtatoka usiku.

3. Kila mtu abebe tochi ya kichwani, betri za akiba, koti zito, viatu vyenye meno na lita 2 za maji ya kunywa.

4. Ondokeni Uyole, jijini Mbeya, saa 7 mchana kwa barabara ya Tukuyu. Isongole mnaiacha lami na kufuata barabara ya vumbi hadi chini ya mlima.

5. Kupanda hadi ukingoni mwa shimo, juu ya ziwa, huchukua kama saa moja kwa mwendo wa yule anayetembea polepole kuliko wote.

6. Ukingoni, hesabuni watu kabla hata ya kutoa simu za kupigia picha. Hapa ndipo nilipokosea mwaka ule nilipoongoza watu 14. Tulifika saa 11:30 jioni, nikasema anayetaka kuteremka majini ateremke, wakaenda bila mimi kujua ni wangapi. Giza lilipoingia walirudi 6, na mmoja wao ndiye aliyeniambia kwamba walikuwa 7. Nilimkuta yule kijana dakika 40 baadaye, ameukumbatia mzizi mkubwa katikati ya mteremko, simu imezimika, viganja vimechubuka, na alikuwa ameogopa hata kuita. Tangu siku hiyo kila mtu hupewa namba, nasi huzitaja kwa sauti tukifika ukingoni, kabla ya kuondoka na tena chini ya mlima. Na mtu mmoja mzoefu hufunga msafara, wala hapitwi na yeyote. Baada ya saa 10:30 hakuna anayeteremka majini, hata kama amesafiri kutoka Dar es Salaam kwa ajili hiyo, kwa sababu mteremko ule ni wa kushika mizizi kwa mikono miwili, na kuupanda tena huchosha kuliko safari nzima.

7. Julai jua huzama karibu saa 12:40, lakini chini ya miti giza hutangulia. Tazameni machweo, kisha shukeni mkifuatana kwa karibu.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, tochi ya simu haitoshi?*
Haitoshi. Soma tena hatua ya 3 na ya 6.

*Tukienda siku ya mbalamwezi je?*
Mbalamwezi hupendeza ukingoni tu. Ndani ya msitu haifiki chini.

*Nimepanda mara nyingi bila kuhesabiana kama watoto wa shule, na hatujapoteza mtu.*
Nami sikuwahi kupoteza mtu hadi jioni ile. Kundi ninaloliongoza mimi litahesabiwa.

*Shikamoo kaka. Mbona ziwa halina mto unaotoka, na je, maji yake yananyweka?*
Marahaba, dada, na asante kwa swali zuri. Ngosi ni shimo la volkano iliyobomoka na kudidimia, na kuta zake zimelizunguka ziwa pande zote, kwa hiyo hakuna mto unaoonekana ukitoka. Chini yake bado kuna joto. Ndiyo maana eneo hilo linachunguzwa kwa ajili ya umeme wa jotoardhi. Maji yana chumvichumvi inayotokana na vimiminika vya huko chini, hivyo usiyategemee kwa kunywa. Nyanda hizi za volkano hutoa pia hewa ya kaboni dioksidi, ambayo ni nzito kuliko hewa ya kawaida na hutulia mabondeni, na kwa sababu hiyo sikubali kundi langu lilale kwenye mashimo.

*Fimbo inasaidia?*
Sana wakati wa kushuka. Chukua ya mwanzi, inayokufika kifuani. Ukiteremka majini, iache ukingoni, maana utahitaji mikono yote miwili.

*Na viazi vya Isongole tununue wakati wa kurudi?*
Nunueni mkienda, mviache garini. Mkirudi usiku mtakuta wauzaji wameshafunga.