Kuchagua Kamera na Hedifoni kwa Mkaazi wa Lamu

Mtu anayeishi Lamu na kutaka kununua kamera au hedifoni za bei ghali ana tatizo ambalo vijitabu vya watengenezaji haviligusi. Vifaa hivyo hupimwa katika vyumba vikavu na vitulivu, ilhali yeye atavitumia katika vichochoro visivyofikiwa na jua, katika hewa ya chumvi, na katika nyumba ambamo sauti ya mwadhini, ya punda na ya jirani huingia bila kubisha hodi. Nimejishughulisha na mambo haya mawili kwa miaka kadhaa kwa mapenzi tu, si kwa ufundi wala kwa biashara, na makosa niliyoyafanya yalinigharimu karibu sawa na vifaa vyenyewe. Kwa hiyo, kabla hujaulizia bei yoyote, andika kwenye karatasi picha ishirini unazotamani kuzipiga na nyimbo ishirini unazozisikiliza mara kwa mara, kisha ununue kwa kufuata karatasi hiyo.

Kwa upande wa kamera, fedha nyingi ziende kwenye lenzi, si kwenye kiwiliwili cha kamera. Lenzi ya kawaida inayouzwa pamoja na kamera huwa na uwazi (tundu la kupitisha mwanga; namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa) wa f/3.5 inapotazama kwa upana, na hushuka hadi f/5.6 inapovuta vitu karibu. Lenzi isiyovuta yenye uwazi wa f/1.8 hupitisha mwanga karibu mara nne zaidi ya f/3.5 na karibu mara kumi zaidi ya f/5.6, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua iwapo mtoto anayekimbia uchochoroni baada ya alasiri atatoka na uso wake au atatoka kama doa.

Hata hivyo, uwazi peke yake hautoshi, na hapa ndipo nilipokosea mara ya kwanza. Nilinunua lenzi ya milimita 50 (namba hii ikikua, mtazamo hubana), kwa kuwa ni ya bei nafuu na inasifiwa kila mahali, nikaifunga kwenye kamera yenye kihisi, yaani sehemu inayopokea mwanga, cha aina ya APS-C, ambacho ukubwa wake ni takriban milimita 23.5 kwa 15.6. Kihisi cha namna hiyo hubana mtazamo kwa mara 1.5 ukikilinganisha na kihisi kikubwa cha milimita 36 kwa 24, hivyo lenzi yangu ikawa inatazama kama ya milimita 75. Nilikwenda kupiga picha ya mlango wa kuchongwa katika kichochoro kimoja nyuma ya Usita wa Mui, nikarudi nyuma hatua kwa hatua hadi mgongo ukagota ukuta wa pili, na bado nilichokiona ni ubao wa katikati, pete ya mlango na nusu ya maandishi yaliyo juu yake. Mzee aliyekuwa ameketi barazani aliniuliza kama nilikuwa nikiupima ukuta. Kwa mji kama huu, mwenye kamera ya APS-C atafute lenzi ya milimita 23 au 24, ambayo mtazamo wake unakaribia ule wa milimita 35. Ile ya 50 aiweke kwa picha za nyuso na kwa mashua zikiwa bandarini.

Je, kihisi kikubwa kinahitajika? Kwa maoni yangu, kwa picha za mchana hakihitajiki. Faida yake huonekana usiku, kwa mfano wakati wa Maulidi, pale kirumbizi kinapochezwa chini ya taa chache na mikono na fimbo hazitulii. Lakini kihisi hicho huja na lenzi kubwa zaidi na nzito zaidi, na anayetembea kwa miguu siku nzima huujua uzito huo begani. Mchana taabu ni nyingine: kanzu nyeupe juani na kivuli cheusi ukutani katika picha moja. Pima mwanga kwenye kanzu, hifadhi picha kwa mtindo wa RAW, yaani faili ghafi ya kihisi, na kivuli utakiinua baadaye kwenye kompyuta, kwa kuwa weupe uliokwisha kuungua haurudi.

Vifaa vilivyotumika ni chaguo zuri, mradi ujue kuvikagua. Lenzi za zamani za Nikon F, mfumo ulioanza mwaka 1959, na za Canon EF, ulioanza mwaka 1987, huweza kufungwa kwenye kamera mpya zisizo na kioo cha kuakisi ndani (mirrorless) za kampuni hizo hizo kwa kutumia adapta. Uliza kwanza kama lenzi ina mota ndani yake, kwa sababu lenzi za Nikon zisizo na mota hazitalenga zenyewe juu ya adapta ya kawaida, na itakubidi uzungushe kwa mkono.

Ukaguzi mkubwa zaidi ni wa kuvu. Fungua uwazi wa lenzi wote, washa tochi upande wa nyuma, kisha tazama kwa mshazari kutoka mbele. Vumbi huonekana kama nukta na halina madhara makubwa. Kuvu huonekana kama utando wa buibui unaotambaa kutoka ukingoni. Mimi nililetewa lenzi kutoka duka moja la Mombasa nikailipia bila kuimulika. Nilipoipeleka kwa mpiga picha mmoja mkongwe, aliigeuza mara moja tu dirishani akasema, “Mwanangu, dude hili limeingia kuvu, usiliweke pamoja na mengine.”

Kuzuia kuvu ni rahisi kuliko kuitibu. Usihifadhi kamera ndani ya mkoba wa ngozi wala ndani ya sanduku la mbao. Tumia kasha la plastiki lenye kifuniko kinachoziba, tia ndani punje za silika na kipimo kidogo cha unyevu, na uhakikishe kipimo kinabaki kati ya asilimia 40 na 50. Punje zikibadilika rangi, zikaushe jikoni kwa moto mdogo uzirudishe. (Nimewahi kujaribu mchele, kama wengi wanavyoshauri, ulichoniachia ni unga kwenye vifungo vya kamera.) Ukishuka kutoka mashuani, usikimbilie kufuta kioo cha mbele, kwani chembe za chumvi hukwaruza kama mchanga. Puliza kwanza kwa kipulizio cha mpira, kisha gusa taratibu kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, ndipo ukaushe.

Hedifoni zina kanuni zake, lakini kosa langu lilikuwa lile lile la kununua sifa badala ya matumizi. Nilichagua Sennheiser HD 600, hedifoni za mgongo wazi zilizotoka mwaka 1997 na zinazoheshimiwa hadi leo, nami sizilaumu kwa lolote. Tatizo ni kwamba mgongo wazi hupitisha sauti pande zote mbili: nilisikia kila kitu kilichokuwa nje, na mke wangu akasikia kila nilichosikiliza. Katika nyumba ya mawe ya hapa kwetu, ambayo vyumba vyake hutazamana kupitia ua wa ndani, afadhali hedifoni zilizofungwa mgongo, isipokuwa kama unasikiliza usiku wa manane ukiwa peke yako.

Jambo la pili ni ukinzani wa umeme, unaopimwa kwa omu. HD 600 zina omu 300, na kwa volti ile ile hupata takriban sehemu moja ya tisa ya nguvu inayopata hedifoni ya omu 32. Nilipozichomeka kwenye simu, rekodi za zamani zilitoka hafifu mno, nikalazimika kununua amplifaya ambayo sikuwa nimeipangia bajeti. Beyerdynamic DT 770 Pro, ambazo zimefungwa mgongo, huuzwa kwa omu 32, 80 na 250. Mwenye simu tu achukue za 32.

Unapojaribu, sikiliza nyimbo zako, si za duka. Mimi hutumia rekodi za Zein l'Abdin, mpiga udi mzaliwa wa Lamu, nikisikiliza kama kipigio kinapogusa uzi kinatengana na mvumo wa uzi wenyewe. Rekodi ambazo Siti binti Saad alizifanya Bombay mwaka 1928 hazifai kwa jaribio hili, kwani hedifoni nzuri zitakuonyesha mkwaruzo wa sahani kabla ya sauti yake. Linganisha hedifoni mbili zikiwa na ukubwa sawa wa sauti, maana iliyo juu kidogo huonekana bora hata kama si bora. Kisha zivae kwa nusu saa bila feni: mito ya ngozi bandia hutoa jasho na, kwa joto letu, huanza kubanduka magamba, hivyo chagua ya kitambaa inayoweza kubadilishwa, pamoja na waya unaochomoka.

Ikiwa amplifaya italetwa na jamaa kutoka Marekani, mwombe apige picha ya kibandiko cha nyuma kabla ya kulipa. Kikiwa kimeandikwa 100–240V utahitaji plagi tu, lakini kikiandikwa 120V peke yake, umeme wetu wa volti 240 utaiunguza siku utakayoiwasha.