Ukitaka kulinda kadi yako ya banki, anza na laini ya simu

Mama mmoja wa Kampemba alikuja kibandani kwangu, hapa komine ya Kenya, Lubumbashi, machozi yakimtoka. Anauza nguo, huagiza Guangzhou na kulipa kwa kadi ya Visa. Katika teksi-basi walimwibia mkoba uliokuwa na simu na kadi. Simu ilikuwa imefungwa kwa kode, basi akajituliza, akapanga kwenda banki kesho yake. Kulipokucha, dola 180 zilikuwa zimetoka.

“Mwanangu, simu yangu waliifungua namna gani?”

Hawakuifungua, mama. Walichomoa laini wakaiweka katika simu yao, na ujumbe wa banki wenye kode ya kuthibitisha malipo ukawaingilia wao. Hatua hizi ndizo nilizompitisha yeye, na sasa nampitisha kila mteja anayelipa kwa kadi.

1. Tenga kadi ya mtandaoni

Kadi ya akaunti ya mshahara au ya akiba usiinunulie kitu kwenye intaneti. Omba banki kadi ya prépayée, tia humo pesa ya mzigo wa leo tu. Tovuti ikiuliza kama ihifadhi kadi, kataa.

2. Hakikisha numero iliyoko banki

Nenda na kadi yako ya mchaguzi, uliza ni numero gani iliyoandikwa kwenye faili lako. Wengi wetu tumebadilisha laini na banki haina habari. Laini iliyokaa muda mrefu bila kutumika hufungwa, kisha numero ile huuzwa tena, na kode zako zikaenda kwa mtu usiyemjua. Papo hapo omba pia ujumbe kwa kila pesa inayotoka.

3. Fungia laini yenyewe kwa PIN

Hapa twende polepole, maana hatua hii iliniharibia siku nzima.

PIN ya SIM si ile ya kufungua simu, wala si ile ya M-Pesa au Airtel Money. Inakaa ndani ya laini. Laini ikihamishwa kwenye simu nyingine, au simu ikizimwa na kuwashwa, inaulizwa kwanza.

Angalisho: laini huja tayari na PIN ya kiwanda, na ndiyo utakayoulizwa unapowasha ulinzi huu. Usibahatishe! Mimi nilijaribu 0000, kisha 1234, kisha 1111. Ukikosea mara tatu laini inafungwa na kudai PUK, yaani kode ya kuifungulia laini, yenye tarakimu nane. PUK iliandikwa kwenye kile kiplastiki ulichobandulia laini, na mimi changu nilishakitupa. Nilikaa kwenye foleni ya kampuni ya simu hadi alasiri, wateja wakinipigia bila kunipata. Na PUK ikikosewa mara kumi, laini imekufa kabisa.

Kwa hiyo tafuta kiplastiki kwanza. Kama hakipo, nenda kwenye duka la kampuni yako na kitambulisho, wakupe PIN na PUK, uziandike katika daftari la nyumbani. Usiziandike katika simu hiyohiyo. Kisha fungua Paramètres, andika “SIM” kwenye sehemu ya kutafuta, chagua Verrouillage de la carte SIM. Simu ya laini mbili: angalia vizuri uko kwenye laini ipi, kwa sababu kila moja ina PIN yake. Washa, weka PIN ya zamani, halafu ibadilishe. Mwaka wa kuzaliwa usiutumie. Umeandikwa kwenye kitambulisho kilichomo katika mkoba uleule.

Zima simu uiwashe. Ikikuuliza PIN, umefaulu.

Bado mambo mawili. Ficha maandishi ya ujumbe kwenye skrini iliyofungwa, la sivyo mwizi atasoma kode bila kugusa laini. Pia, PIN haizuii mtu kwenda kuomba laini mpya kwa jina lako. Mtandao ukipotea ghafla kwako peke yako, huku jirani wa kampuni ileile anaupata, azima simu yake upige banki saa ileile.

4. Tarakimu tatu za nyuma ya kadi

Zishike kichwani, kisha zifunike kwa kipande cha karatasi ya gundi. Ziko tovuti zinazokubali malipo bila kode ya simu: numero ya mbele, tarehe ya mwisho na hizo tatu zinatosha. Picha ya kadi usimtumie mtu yeyote kwa WhatsApp, hata anayesema anatoka banki.

5. Kwenye mashine ya pesa

Mimi natumia iliyo ndani ya banki tu, saa za kazi. Funika vidole unapoandika. Mashine ikimeza kadi, msaidizi asiyeitwa asikufanye urudie kode.

6. Opozisioni, yaani kuzuia kadi

Leo, kabla ya lolote, andika numero ya banki ya kuzuia kadi kwenye karatasi na umwachie mtu wa nyumbani. Kadi ikipotea, piga mara moja, usingoje kesho. Baadaye peleka barua, wakupigie muhuri kwenye nakala yako, wenye tarehe na saa. Yule mama hakuwa na nakala hiyo yenye muhuri, na mbele ya geshe, dirisha la banki, hakuweza kuonyesha ni malipo gani yalifanyika baada ya yeye kutoa habari.