Programu ya imeili kwa kompyuta ya nyumbani: chagua inayokufaa hata bando likiisha

Wakuu, hii ni kwa wenye kompyuta ya mezani nyumbani, iwe Mbeya mjini, Mafinga, Njombe au kule Tukuyu ambako mvua ikishika mtandao nao unayumba, na bado mnasoma imeili kwa kufungua brauza. Inafanya kazi, sikatai, ila kila ukifungua unakula bando kupakia kurasa ileile, na mtandao ukikata hata invoisi ya jana huioni. Programu inayokaa kwenye kompyuta yenyewe inashusha barua mara moja zinakaa kwenye diski yako, unasoma, unatafuta, unajibu bila intaneti, na ulichojibu kinasubiri mpaka uwashe hotspoti ya simu ukitume. Kwa huku kwetu hicho ndo kigezo cha kwanza, uzuri wa rangi na vitufe baadae.

Kabla ya majina elewa IMAP na POP, njia mbili za programu kuchukua barua zako, maana ukianza kuweka akaunti utaulizwa. POP ni kama kwenda posta kutoa barua kwenye sanduku, kwa kawaida ukishachukua kule hazibaki, zipo kwako tu (unaweza kuiambia iache nakala, ila wengi hawaligusi hilo). IMAP barua halisi inabaki kwenye seva (kompyuta ya anayekupa imeili, mfano Google) na kompyuta yako inatunza nakala, ukisoma kwenye simu kompyuta nayo inajua umeshasoma. Karibu kila mtu ana imeili ileile kwenye simu siku hizi, kwahiyo chukua IMAP. Ila shika hili: kwenye IMAP ukifuta kwenye kompyuta umefuta kote, hata kwenye simu. Kuna watu wanafuta wakidhani wanapunguza nakala tu, alafu wanakuja kulia.

Sasa programu. Kwa nyumba nyingi nasema Thunderbird bila kusita. Ni ya bure, haina tangazo, iko chini ya familia ya Mozilla wale wa Firefox, toleo 1.0 lilitoka 2004 na mpaka leo inaendelea, na inakubali Windows, Mac na Linux. Unaweza kuweka Gmail, Yahoo na imeili ya ofisi zote humohumo. Kingine ninachokipenda sana, picha zinazovutwa kutoka nje ya barua inazizuia mpaka wewe uruhusu, hapo bando linapona na aliyekutumia tangazo hajui kama umefungua.

Outlook ziko mbili na watu wanazichanganya. Ile ya zamani inayokuja na Office ya kulipia ni nzuri kweli, kama ofisi imekununulia itumie. Ile mpya ya bure inayokuja na Windows ina matangazo, na ukiiwekea akaunti ya Gmail barua zako zinapitia kwenye seva za Microsoft pia, mimi kwa kompyuta ya familia hilo silitaki. Na kama umenunua kompyuta iliyotumika pale Mwanjelwa au popote ukakuta ina Office ya kukraki (iliyovunjwa leseni isilipiwe), tafadhali usiweke imeili yako humo, hujui nani kakraki na kaacha nini ndani, na imeili ndo inayofungua paswedi za kila kitu chako.

Hizo kompyuta zilizotumika zinaweza kuwa bado na ile Mail ya Windows 10, ikoni ya bahasha. Iache, Microsoft waliifunga mwisho wa 2024, haipokei wala haitumi. Windows 10 yenyewe muda wake wa kawaida wa msaada uliisha Oktoba 2025, kwahiyo kama mashine ni ya zamani haikubali Windows 11 fikiria Linux Mint, mfumo unaokaa badala ya Windows, ni bure na Thunderbird imo tayari. eM Client, programu nyingine ya imeili, inavutia macho lakini ya bure mwisho akaunti mbili. Mwenye Mac ana Mail ya Apple, inatosha.

Kuiweka ni rahisi. Shusha kwenye tovuti yao rasmi thunderbird.net, usichukue kwenye flashi ya mtu. Fungua, andika jina, imeili na paswedi, yenyewe inatafuta seva. Kwa Gmail litafunguka dirisha la Google uingie mule, hapo umemaliza. Imeili ya ofisi yenye domeni yake (jina la ofisi baada ya @) ikigoma, muulize anayewahosti, yaani anayewatunzia imeili, jina la seva, alafu hakikisha kupokea ni poti (namba ya mlango wa seva) 993 na kutuma ni 465 au 587.

USIIACHE ishushe kila kitu siku ya kwanza kwa bando la simu! Gmail inakupa GB 15 ukijumlisha Drive na picha, kama umeitumia miaka mingi barua peke yake zinaweza kumaliza bando la mwezi. Ingia setingi za akaunti, sehemu imeandikwa Synchronization & Storage, weka ishushe za siku 30 za karibuni, na hapohapo pana sehemu ya kuikataza isishushe barua inayozidi ukubwa fulani. Wakala wa forodha Tunduma anayepokea skani za makaratasi ya magari kutwa nzima hiyo itamwokoa, anaona nani katuma na kichwa cha habari, faili zito analishusha akilihitaji. Pia muda wa kuangalia barua mpya ni kila dakika 10, ongeza hata iwe saa nzima kama huna haraka. Ukipata wifi nzuri siku moja ondoa mipaka hiyo usiku ishushe zote.

Kompyuta ya familia ina jambo lingine. Thunderbird ikishafunguka haimuulizi mtu, yeyote aliyekaa anasoma. Ile paswedi kuu yake inalinda paswedi zilizotunzwa, barua zilizoshashuka hailindi. Dawa ni kila mtu awe na akaunti yake ya Windows yenye paswedi, baba na yake, mama na yake, watoto na yao.

Mwisho nakala ya akiba, maana umeme wa kukatikakatika unaua diski. Nenda kwenye Help, alafu Troubleshooting Information, tafuta Profile Folder, folda lenye barua na setingi zako, bonyeza kufungua. Funga Thunderbird KWANZA, ndo ukopi folda lote kwenda diski ya nje. Ukikopi kwenye flashi ikakataa wakati nafasi ipo, ujue flashi ni FAT32, mpangilio wa zamani wa kutunza faili, haipokei faili moja linalozidi GB 4, na Thunderbird huwa inaweka inbox yote kwenye faili moja. Hamisha vilivyomo, iformati kwa exFAT, kopi tena itakubali.