Namna ya kuandikiana na rafiki yako wa mambo ya ndege na mimea wakati kwao kuna vita

Wengi wetu tunaofuatilia ndege, vipepeo, okidi na wadudu tuna marafiki ambao hata mkono hatujawahi kupeana, mmoja yuko Goma, mwingine Khartoum, mwingine Ukraine, mlianza kwa kuulizana jina la ndege kwenye picha mkajikuta mnaandikiana mwaka hadi mwaka, alafu siku moja kwao mabomu yakaanza kulia na wewe umebaki na simu mkononi hujui uandike nini. Ukimuuliza vita unaona unamchosha, ukimwambia habari za ndege unaona kama huna utu. Hapo ndo watu wengi wanaamua kunyamaza, wanasema watamtafuta mambo yakitulia, na kwa mtazamo wangu huko kunyamaza ndo kunaumiza kuliko kosa lolote ambalo ungeweza kuliandika.

Njia nzuri ya kufanya hili jambo mi naiona kwa watu wawili wa karne ya 19, Charles Darwin na Asa Gray. Darwin mnamjua, yule wa nadharia ya viumbe kubadilika kizazi hadi kizazi, alikuwa kijijini Downe huko Kent, Uingereza, mgonjwa mgonjwa, hatoki sana, kazi yake karibu yote aliifanya kwa kuandika barua (zinazojulikana leo ni kama 15,000, alizoandika na alizoandikiwa). Gray alikuwa profesa wa mimea pale Harvard, Massachusetts, na ndo alimtetea sana Darwin na nadharia yake kule Marekani. Aprili 1861 Marekani ikaingia kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe mpaka 1865, Kaskazini (upande wa Gray, chini ya rais Lincoln) na Kusini waliotaka kujitenga na kubaki na utumwa, na hawa wawili hawakuacha kuandikiana. Kumbukeni pia telegrafu ya kuvuka Atlantiki haikuwepo, waya wa 1858 ulikufa baada ya wiki chache tu na wa kudumu umekuja 1866 vita imeshaisha, kwahiyo kila neno lilipanda meli, na kufika tu ni siku kumi na zaidi.

Na hiyo vita msione ilikuwa haituhusu. Ile nguo ya merikani iliyojaa Unguja na kubebwa na misafara mpaka bara ilikuwa inafumwa kwenye viwanda vya New England, kaskazini mashariki ya Marekani, na wafanyabiashara wa Salem, mji wa jimbo hilo hilo la Gray, walikuwa wameweka kambi Unguja kitambo. Pamba ilipoadimika kwa sababu ya vita, merikani nayo ikaadimika sokoni kwetu. Vita ya mbali huwa ina namna yake ya kufika.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Cha kwanza na kikubwa kuliko vyote: muulize rafiki yako swali ambalo jibu lake liko pale alipo, dogo, la kweli, ambalo wewe huwezi kulijibu bila yeye. "Pole sana ndugu yangu, tunawaombea" ni maneno mazuri na yaandike, lakini anayapata kwa watu mia na hayampi kitu cha kufanya. Swali linamtoa hapo alipo dakika mbili, linamwambia bado macho yake yanahitajika.

Angalia Darwin alivyofanya. Kitabu chake cha okidi kilitoka 1862 katikati ya vita, Gray akawa anachunguza okidi za Marekani na kumwandikia anachokiona. Kuna okidi inaitwa Cypripedium, ua lake lina kifuko mbele, kifuko kina tundu kubwa juu na vitundu viwili vidogo huko nyuma karibu na chavua. Darwin alidhani mdudu anasimama nje anaingiza mrija wake kwenye vile vitundu vidogo. Gray baada ya kuziangalia aina kadhaa za kwao akamwambia hapana, mdudu anaingia mzima mzima kwa tundu kubwa, anashindwa kurudi alikoingilia, anatambaa mpaka anatokea kwenye kitundu kidogo na hapo ndo anapakwa chavua mgongoni. Darwin hakubishana, akachukua nzi akawaweka ndani ya ua, wakashindwa kutoka, akatafuta nyuki mdogo wa aina ya Andrena akamtumbukiza, na nyuki akatoka vilevile Gray alivyosema, mgongo umejaa chavua! Darwin akaeleza yote kwenye toleo la pili la kitabu 1877 na akasema wazi kwamba wazo ni la Gray. Mi hii habari naipenda sana, maana mtu ambaye nchi yake inachinjana alipewa nafasi ya kuwa sahihi kuhusu ua, na rafiki yake akaenda kutafuta nyuki kwa ajili yake.

Kwahiyo ukiandika leo, iwe hivi, mfano tu, kwa rafiki wa Goma:

"Dada habari ya huko. Usijisumbue kunijibu leo, jibu siku ukipata nafasi na mtandao. Nimesikia jana ilikuwa mbaya upande wenu, nakuwaza wewe na watoto. Nina swali moja: wale mbayuwayu wanaojenga chini ya bati lenu, ukikaa hapo mlangoni bila kutoka, unaona wanabeba nini mdomoni, manyoya au majani makavu? Huku kwetu wanaleta manyoya ya kuku tu na nashindwa kujua kama ni kawaida. Salimia wote."

Ona kuna nini humo. Vita imetajwa kwa sentensi moja bila kuzungushwa, swali linajibika akiwa mlangoni (usimtume mtu msituni wakati wa vita hata siku moja), wewe mwenyewe umetoa kitu chako ulichokiona, na umemwondolea deni la kujibu. Hilo la deni ni la muhimu sana. Mambo ya kuandika "mbona kimya" au "umeona ujumbe hujibu" acha kabisa, mtu anaweza kuwa amechaji simu kwa shida akaifungua dakika tano kupiga kwa mama yake, sio kwako. Enzi za Darwin barua zilipishana baharini, unajibu la mwezi jana wakati mwenzio ameshaandika jingine, na wakazoea. Na wewe zoea.

Tuma na kitu. Kidogo tu. Mwaka 1862 mtoto wa Darwin, Leonard, wa miaka 12, aliugua sana homa ya vipele vyekundu, na alikuwa mkusanyaji wa stempu. Gray na vita yake yote huko alikuwa anaweka stempu za Marekani kwenye barua kwa ajili ya yule mtoto, na Darwin akamwandikia kwamba kijana alijiinua kwa kiwiko kitandani kuziangalia na akaagiza profesa Gray ashukuriwe sana sana. Baba naye hakuona haya kuagiza stempu fulani fulani anazozitaka mwanae. Gray alituma pia mbegu za mmea mmoja unaotambaa, Echinocystis, Darwin akaziotesha na kiangazi cha 1863 akawa anakaa nao ndani akiangalia ncha yake inavyozunguka yenyewe polepole ikitafuta pa kushika, mzunguko mmoja kwa saa moja na nusu au mbili hivi, na vile vikono vyake vinavyojikunja ukivigusa kidogo tu. Ni wiki zilezile ambazo huko Marekani watu walikuwa wanakufa kwenye mapigano ya Gettysburg, 1 mpaka 3 Julai. Kazi yake ya mimea inayotambaa ilitoka 1865 na mbegu za Gray zimo humo. Kwa sasa kutuma mbegu kuvuka mipaka kuna sheria zake na kuna magonjwa ya mimea, usijaribu kienyeji, ila unaweza kumrushia bando, unaweza kumtumia rekodi ya sauti ya ndege wa asubuhi kwako, unaweza kumchorea mwanae kinyonga ukapiga picha. Mtoto wake akiwa na kitu chake humo kwenye mazungumzo yenu, umemkumbuka mzazi mara mbili.

Sasa msimamo. Watu wanauliza, je niseme upande niliopo au ninyamaze? Mi nasema usifiche, lakini usijaze. Darwin mara nyingi alianza na mimea alafu mwishoni ndo anamwaga la moyoni kuhusu vita. Alichukia utumwa kwa dhati, aliuona kwa macho yake Brazil akiwa kijana kwenye safari ya meli ya Beagle, na Juni 1861 alimwandikia Gray kwamba anatamani Kaskazini watangaze wazi kuwa wanapigana kuumaliza utumwa, hata kama vifo vitakuwa mamilioni, mwisho wake binadamu watafaidika. Nia yake naiheshimu, sisi wa pwani hii tunajua utumwa ulikuwa nini, soko la Unguja limefungwa 1873 tu. Ila hiyo hesabu ya mamilioni ya vifo usiiandike kwa rafiki aliye vitani. Yeye Darwin alikuwa bustanini kwake Kent, na Gray ndo alikuwa anaona vijana wa chuo chake wanavaa sare wanaondoka. Sema unachokiamini, sema nani unaona ana haki, lakini bei ya haki hiyo kama analipa mwenzio na sio wewe, mwachie yeye aitaje.

Na mtapishana, hilo lijue mapema. Darwin alikuwa hana imani kwamba Kaskazini wataweza kuwashinda Kusini na kuwashikilia, Gray alikuwa na uhakika asilimia mia, na Darwin alimwambia hivyo hivyo bila kupaka rangi. Joseph Hooker, mtaalamu wa mimea wa bustani ya Kew huko London, rafiki wa wote wawili, yeye alikuwa mbali zaidi na Gray kwenye siasa. Urafiki haukufa. Nadhani ni kwa sababu kila barua ilikuwa na kitu kingine cha kushikilia, ukikasirika kuhusu Lincoln bado kuna swali la ua la Primula linalokusubiri.

Mtihani mkubwa ni pale nchi yako na nchi yake zikianza kutunishiana misuli. Novemba 1861 meli ya kivita ya Kaskazini ilisimamisha meli ya posta ya Kiingereza, Trent, ikawatoa humo wajumbe wawili wa Kusini, Mason na Slidell, na Uingereza ikawaka, ikabaki kidogo tu vita ianze. Darwin akamwandikia Gray mwezi Desemba kwamba mpaka barua hii ikufikie huenda tutakuwa tunapigana, na kama wazalendo wazuri itabidi mimi na wewe tuchukiane, ila kukuchukia wewe itakuwa kazi ngumu sana kwangu. Wajumbe wakaachiwa, vita haikuja. Sisi huku Maziwa Makuu tunayajua haya, serikali zikigombana watu wanaanza kutoana kwenye magrupu na kublokiana. Ukiona kunachemka, wahi wewe kuandika kabla hakujachafuka, mwambie kwa maneno ya kawaida kwamba lolote litakalotokea kati ya wakubwa wewe uko palepale. Usingoje.

Kuhusu habari: Darwin alikuwa anasoma gazeti la The Times kila siku, na lilikuwa linaipiga Kaskazini vibaya, mpaka mkewe Emma akataka waliache, Darwin akamwambia Gray kwamba kuliacha ni kama kuacha nyama, kinywaji na hewa. Somo ninalochukua hapo ni kwamba soma tu, lakini usimfanye rafiki yako kituo cha kukanusha habari, kila siku unamfowadia video "eti hii ni kweli?" Yeye hiyo video ameiishi.

Usalama nao, hapa nisikilizeni vizuri. Picha ya simu inaweza kubeba mahali ilipopigwa, mwambie azime lokesheni kwenye kamera kabla hajakutumia picha ya kipepeo. Akiweka alichokiona iNaturalist (mtandao wa kuweka picha za viumbe na mahali vilipoonekana), achague kuficha mahali halisi. Darubini mkononi kwenye eneo la vita inaweza kumfanya aonekane jasusi, usimuombe ahesabu ndege karibu na daraja, uwanja wa ndege au kizuizi. Na ukipata picha yake usiirushe hadharani mpaka amekubali yeye.

La mwisho, tunza mnachoandikiana. Darwin alikuwa anachomeka barua kwenye vyuma vya kutunzia, vyuma vikijaa anachoma barua za miaka kadhaa ili apate nafasi, na kwa tabia hiyo barua karibu zote alizopokea kabla ya 1862 zimepotea, baada ya hapo ndo akashawishiwa awe anaweka zile nzuri. Sisi tunachoma kwa kufomati simu. Ingia kwenye chati yenu, bonyeza kuhamisha mazungumzo pamoja na picha, jitumie kwenye imeili, na ufanye hivyo kila mwisho wa mwezi maana simu yake huko inaweza kupotea wakati wowote na nakala yako ndo itakuwa pekee. Siku akiomba zile tarehe za mbayuwayu wake, uwe nazo.